Mheshimiwa Hana Tabia Hiyo

Mtani wangu Mama Ndahani,

Mbukwa. Nakusalimia kwa Kigogo chako maana nimechoka kila asubuhi kufungua kinywa nikurushie salamu juu ya ua wa minyaa, halafu nakumbuka. Nafumba kinywa, nachukua kopo, namwagilia mchicha. Watu wa Area D wanaopita wakiniona nimenyamaza wanadhani uzee umeniletea heshima.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lako limenikaa kooni. Umekufa, sawa, sote tutakufa, kwa hilo sikulaumu. Lakini kufa ukaniachia yule paka! Mwenzangu, hukuona mtu mwingine wa kumwonea mtaa mzima?

Najua utasema hukuniachia, nilimchukua kwa mikono yangu mbele ya mashahidi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana saa hiyo wewe ulikuwa umeshalala zako Chamwino.

Tulikuzika vizuri. Kwaya yenu iliimba mpaka mchungaji akawaomba wapumzike. Na mimi Mnyamwezi, mtani wenu, nikafanya kazi yangu bila kutegea. Nililala njiani kukataa jeneza lisipite mpaka niletewe soda, na ikaletwa, ya moto, nikailalamikia. Nikaiga unavyotembea, mkono kiunoni, shingo mbele, kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Wifi yako, shangazi yake Ndahani, akacheka huku machozi yanamtoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, wenye msiba walie, yeye awachekeshe. Mimi sikulia. Nilikuwa kazini.

Tuliporudi nyumbani kwako ikabaki ile ya mwisho, mtani kushika kitu cha marehemu na kukatalia nacho mpaka wenyewe wakikomboe. Wengine hushika kinu, wengine kiti. Mimi nikatupa macho sebuleni kwako, nikamwona paka wako Mheshimiwa chini ya meza anakula nyama ya msiba, hata kichwa hainui. Nikamnyanyua, nikamviringisha kwenye khanga, nikapaza sauti: "Huyu ameninyea mchicha wangu tangu akiwa kitoto, leo namtaifisha! Anayemtaka alete jogoo!"

Nikasubiri wanibembeleze kama desturi ilivyo. Wee! Ndahani akamtazama shangazi yake, shangazi yake akamtazama Ndahani. Kisha mwanao, huyo huyo niliyemshikia baiskeli akijifunza kuendesha, akasema kwa adabu zote: "Mchukue tu, mama. Mila ni mila." Wifi yako akapiga vigelegele. Vigelegele, mama, msibani! Nikabaki nimesimama katikati ya sebule yako, paka mkononi, anajilamba midomo. Ningefanyaje? Nikanyoosha shingo nikatoka naye kama vile ndicho nilichokuwa nataka.

Na unajua vizuri tulikotoka na huyo paka. Wewe ndiye uliyempa jina la Mheshimiwa kwa sababu husinzia mchana akiwa amekaa wima, na ukimwamsha anakutazama kana kwamba umemwuliza swali la nyongeza. Ardhi ya Dodoma hii ngumu, jembe linadunda, na sehemu laini mtaani petu ni moja tu, matuta yangu. Nachota maji ya ndoo, napondaponda udongo kwa vidole, nasia mbegu za mchicha kwa upole. Yeye anakaa juu ya paa la banda lako ananitazama kama mtu anayejengewa choo. Nikigeuka tu, amefukua, amemaliza, amefukia, anaondoka bila haraka. Mbegu zangu zinaota kwenye njia.

Kila asubuhi nilikuwa naita: "Mama Ndahani! Njoo uone kazi ya paka wako!" Na wewe, bila hata kutoka jikoni: "Paka yupi? Mheshimiwa hana tabia hiyo! Hapa kwangu hajawahi kunya hata siku moja!" Unasema hivyo na sauti imenyooka, kama unasoma tangazo la kanisa.

Niliweka majivu, akayapenda, yakamlainishia kazi. Niliweka matawi ya miiba, ikanichoma mimi. Mtu mmoja sokoni akaniambia nipange chupa za maji pembezoni mwa matuta, eti paka akiona kivuli chake anakimbia. Nikazipanga. Wewe ukachungulia juu ya minyaa ukauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama Wanyamwezi tumeanza kubeba maji yetu wenyewe, maana zamani babu zangu wapagazi wakipita Ugogo na mizigo walikuwa wanawalipa babu zako hongo ndiyo wanywe. Nikakujibu kwamba hongo mliyokula haikuwatosha, sasa mnatoza kwa paka. Ulicheka ukashikilia ua. Siku hiyo sote hatukufanya kazi ya maana.

Na ile ya pilipili, Mungu anisamehe. Nilisaga pilipili kichaa kikombe kizima, nikainyunyiza kwenye tuta mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unaujua. Ulirudisha yote usoni mwangu. Nikapiga yowe, sioni mbele wala nyuma. Ukaja mbio na maziwa, ukanilaza chini ukanimwagia machoni, mkono mmoja unanishika kichwa na mwingine umejiziba mdomo usicheke. Nilikuwa sioni lakini tumbo lako nalisikia linatikisika. Nilipofumbua macho kitu cha kwanza kukiona ni Mheshimiwa, ananawa uso kwenye kivuli chako.

Halafu mlenda. Hilo ndilo lililonishinda kabisa. Kila nikikuta mavi kwenye tuta, jioni bakuli la mlenda linapita juu ya ua. Hukuomba radhi hata mara moja. Ulikuwa unasema tu: "Siyo fidia. Nimepika mwingi." Nami nakula. Mnyamwezi mzima, naramba vidole, nakula ushahidi wangu mwenyewe.

Sasa basi, huyo ndiye niliyerudi naye nyumbani kwenye khanga. Nikajiambia, arobaini si mbali, siku hiyo watanikomboa kwa lazima, nitamkabidhi kwa Ndahani na mke wake ambao wamehamia nyumbani kwako, na nitapumua.

Siku za mwanzo hakula. Alikuwa anakwenda kukaa pale kwenye tundu la ua, pale tulipokuwa tunapitishana chumvi na kiberiti, anatazama mlango wako wa jikoni. Nikamfokea. Nikamwambia mwenye mlango hayupo, asijisumbue. Kisha nikagundua na mimi nimesimama nyuma yake na kopo tupu, natazama mlango ule ule. Nikajisikia vibaya kwa kumfokea. Nikamletea dagaa.

Alipoanza kula, nikakaa chonjo. Nikanoa koleo langu dogo, nikaamka mapema kukagua matuta. Safi. Kesho yake, safi. Mchicha ukaota umekaa kwenye mistari yake kama wanafunzi wa bweni. Ungedhani ningefurahi? Nilishikwa na hofu. Nilisema huyu paka ana majonzi, amefunga choo, atanifia mikononi halafu shangazi wa Chamwino aseme Mnyamwezi kaua paka wa marehemu. Nikamkamata nikamnywesha kijiko cha mafuta ya alizeti. Alinitazama usoni kidogo, akatoka mbio kuelekea kwenye tundu la ua, sikumwona mpaka jioni. Na bustani bado safi! Nikasema basi, ameokoka.

Arobaini ikafika. Tukasali, tukala, na wifi yako akasimama akasema mtani hawezi kuachwa hivi hivi, ni aibu kwa ukoo. Kumbe tangu nimwondoe Mheshimiwa, panya wamehamia kwenye gunia la karanga za mkwe wako, sasa wanamtaka. Ndahani akanijia na jogoo mwekundu, mzuri, amefungwa miguu. "Mama, tumekuja kumkomboa."

Mtani wangu, hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nilikuwa nimeshamshika, amelala mapajani, ana joto lile la paka aliyeshiba. Nikanyoosha mikono nimtoe. Mikono ikakataa. Nilifikiria nitarudi nyumbani, nitafunga mlango, na humo ndani hatakuwepo mtu wala kiumbe anayekukumbuka isipokuwa mimi. Wageni wote wananitazama, wanangoja kichekesho, na mimi sina.

Basi nikafanya alichobakiza Mungu. Nikapokea jogoo kwa mkono wa kulia, paka nikambana kwapani kushoto, nikasimama: "Jogoo ni wa usumbufu. Paka ni wangu. Mwenye hoja aende kumwuliza marehemu!" Nikatoka. Huko nyuma walicheka mpaka wifi yako akaishiwa pumzi. Nasikia mpaka leo wanasema hawajaona mtani mwenye roho mbaya kama mimi. Nimefurahi sana, maana ndivyo ulivyokuwa unanisifia.

Sasa kaa vizuri, hapa ndipo penyewe.

Ndahani ameanza kupanda ukoka mbele ya jiko lako. Ndiyo, majani ya kukanyaga tu, yasiyoliwa, ndivyo vijana wanavyotaka siku hizi. Alichimba udongo baada ya mazishi, akaulainisha, akautia mbolea, kila jioni anaumwagilia na mpira. Juzi asubuhi nikiwa nachuma mchicha nikamsikia Ndahani anakohoa upande wa pili wa minyaa.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

Nikaitikia marahaba.

"Mama, samahani sana, sijui niseme vipi. Yule paka... Kila siku. Ukoka wote ameufukua. Leo nimekanyaga na soksi."

Ndipo nikaelewa, mama. Alikuwa hajafunga choo wala hajaokoka. Paka huyu nyumbani anakolala hachafui, anakwenda kwa jirani! Ndiyo maana ulikuwa unaniapia kwa sauti iliyonyooka. Kwako hajawahi kunya hata siku moja, ulikuwa unasema ukweli mtupu, na ulikuwa unajua vizuri anakwenda kunya wapi. Mwanamke wewe! Miaka yote ile!

Nilitaka kumwambia Ndahani pole. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama, amesimama vilevile, mkono kiunoni, shingo mbele. Nikajisikia nasema, bila hata kuacha kuchuma:

"Paka yupi? Mheshimiwa hana tabia hiyo. Hapa kwangu hajawahi kunya hata siku moja."

Uso wa Ndahani ukaanza kucheza, nikadhani anakasirika, kumbe anacheka, kisha hacheki tena. Akasema: "Mama alikuwa anasema hivyo hivyo." Akageuka akaingia ndani haraka.

Na mimi ile kazi ya utani ikanishinda hapo hapo. Nilikaa chini kwenye tuta, juu ya mchicha wenyewe, nikalia. Nililia yale ya Chamwino, nikalia ya sebuleni kwako, nikalia ya kila asubuhi niliyofumba kinywa. Nakukosa, Mama Ndahani. Sina wa kugombana naye. Bustani imenawiri, majani mapana kama sahani, na hakuna wa kuniambia Wanyamwezi tunalima kama tunabeba mzigo. Mheshimiwa akaja akakaa mbele yangu, akanitazama kana kwamba nimemwuliza swali la nyongeza.

Jioni nikapika michembe, vile viazi vikavu vya kwetu Tabora ulivyokuwa unaviita posho ya wapagazi, nikavitia karanga. Nikajaza bakuli. Ni lile bakuli lako la maua, la mlenda wa mwisho, sikuwahi kulirudisha. Nikalipitisha juu ya ua, Ndahani akalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia: "Siyo fidia. Nimepika mingi."

Leo asubuhi bakuli limerudi, limeoshwa, lina mlenda wa mke wake. Ni mzito mno, umezidi magadi, ungeona ungemnyang'anya mwiko. Nimeula wote.

Basi pumzika, mtani. Huyu paka namtunza, dagaa anapata, na tundu la ua siliweki kiraka. Kwa mwanao nitakana mpaka nguvu ziniishe, hata akileta picha. Na siku yangu ikifika, nitakapokuja huko nitapiga kelele toka mbali, Mama Ndahani, njoo uone kazi ya paka wako.

Ole wako ukubali.

Mtani wako wa upande wa pili wa minyaa,
Mama Kulwa