Siafu wa Baraza la Akida

1965

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kinole hatujambo, ila mbuzi wa mjomba wako ametafuna kanga yangu mpya.

Hongera kwa kazi ya ofisini kwa mkuu wa wilaya. Unauliza enzi za Mjerumani nani alitutawala hapa. Alikuwa akida, Mzaramo aliyeletwa na boma la Morogoro. Barazani yeye alikaa kitini, sisi chini penye siafu, nami nikiwa mtoto mdogo. Tukilalamika, anasema tunadeka.

Siku moja bibi yangu akawahi kile kiti. "Mtani, leo akida ni mimi. Kaa chini!"

Mzaramo na sisi Waluguru ni watani, hatukasirikiani. Akida akakaa. Punde akaruka, kanzu ameipandisha mabegani, akimwita mama yake.

Kesho yake baraza likahamishwa.

Je, ofisini kwako watu wanakaa wapi?

Bibi yako, anayejikuna hadi leo.