Risasi Nilizosubu kwa Mkono Wangu

Ijumaa jioni, Barking. Mvua inanyesha tangu alfajiri.

Kesho ninakwenda uwanja wa shabaha, nje ya London, kuifyatua bunduki yangu kwa mara ya kwanza. Ni gobore la Kiingereza la karne ya kumi na tisa: baruti unaitia mdomoni mwa mtutu, risasi juu yake, kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu. Leseni ninayo. Mazoezi nimefanya kwa bunduki za wenzangu wa klabu. Na binti yangu Raya, mtu mzima sasa, ana ahadi yangu kwamba risasi ya kwanza ataipiga yeye.

Ahadi hiyo ndiyo inayonitesa.

Mnaonisoma hapa bloguni mnajua kwa nini nililinunua. Nilichoka kubishana na watu wanaodhani gobore ni bomba la majangili tu. Hili lina mifereji ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ikatoka imenyooka. Bunduki za namna hii ziligeuza biashara na vita katika bara letu, na wasomi wetu wengi huziandika bila kujua hata zinavyojazwa. Nililisema hilo na ninalisema tena.

Lakini wiki iliyopita nilisema na jingine. Katibu wa klabu alinipa kisanduku cha risasi zilizo tayari, laini, zenye uwazi kitakoni ili zitanuke na kushika ile mifereji. Zilikuwa zimepakwa mafuta. Nikauliza mafuta ya nini. Akaona haya, akasema ya nguruwe. Nikarudi nyumbani nimefura, kisanduku mkononi, nikaandika hapa kwamba Mwislamu haombi radhi kwa kutaka risasi safi, na kwamba zangu nitasubu mwenyewe. Mkanishangilia. Nikavimba kichwa.

Nikasubu kweli. Papa Jules, rafiki yangu Mkongo anayefunga matairi hapa mtaani, alinipa vile vipande vizito vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe. Mke wangu alinifukuza jikoni, nikayeyushia uani, barakoa usoni, nikamimina kwenye kalibu. Mafuta ya kondoo nilipata kwa mchinjaji wetu, nikachanganya na nta ya nyuki. Safi. Halali. Zinang'aa.

Jana nikaijaribu moja kwenye mtutu mtupu, bila baruti. Ikaingia kwa kusukumwa, ikafika katikati, ikagoma. Raya, aliyekuwa amenishikia bunduki, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Risasi ikikwama juu, baruti ikabaki chini na pengo katikati, mtutu unaweza kupasuka. Mkono wa kushoto wa mpigaji uko hapo hapo, na uso hauko mbali.

Nilipoitoa kwa parafujo ya mdeki, nikampigia simu Bi Zuhura wa Stratford, mwalimu wa kemia mstaafu. Ndiye aliyeuliza chini ya makala ile ni madini gani nitakayoyeyusha, nami nikamjibu kwa kejeli.

"Ikwaruze kwa ukucha, Hamadi."

Nikakwaruza. Haikuacha alama.

"Basi hiyo si madini ya risasi matupu. Ya magurudumu huchanganywa na madini mengine ili iwe ngumu, nayo ikipoa hainywei vya kutosha. Ngumu kama kichwa chako."

"Na zile za klabu siziwezi, Bi Zuhura."

"Kwani Barking hakuna maji? Zichemshe mafuta yatoke, kisha uzioshe mara saba, moja kwa udongo. Hukufunzwa chuo cha Kurani wewe? Loh! Vitabu nyumba nzima!"

Nilifunzwa. Nilifunzwa pamoja na watoto wote wa mtaa wetu Unguja, na nisingeshindwa kulijibu swali hilo usingizini. Lakini kuosha kusingenipa makala.

Wiki nzima nilipigania mafuta. Madini yenyewe sikuyagusa hata kwa ukucha.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nimezichemsha zile za klabu uani kwenye mvua, nikaziosha mara saba, moja kwa udongo wa bustani, nikazipaka mafuta yangu. Ukucha unaacha alama. Moja nimeitia mtutuni, ikateremka kwa mdeki mpaka chini bila kubishana. Nikainamisha bunduki, ikarudi kiganjani.

Ningetulia sasa. Sikutulia. Kesho fundi wa klabu ataukagua mtutu upya, lakini najiuliza ni kitu gani kingine sikukigusa kwa sababu nilikuwa nashinda mabishano.

Chini ya makala ile nimeshaandika: Bi Zuhura aliuliza swali lililopaswa kuulizwa, nami nikamtukana. Na kesho risasi ya kwanza nitaipiga mimi, Raya akiwa amesimama mbali, nyuma ya mstari.

Bado sijamwambia. Namsikia chumbani akijaribu viatu vya matope. Atasema nimevunja ahadi, na hilo sitalibishia.

Akasirike. Anikodolee macho yake yote mawili, yakiwa mazima.