Watu Kimya Uani Kwetu

Louisville, Jumamosi, Agosti 2015. Joto kali.

Asubuhi nimetoka zamu ya usiku ghalani, kule Jeffersontown. Nafika kwetu Iroquois nakuta magari yamepangana hadi kona, na uani watu wamesimama kimya. Wazungu tupu.

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi tunajua maana ya watu kusimama kimya nje ya nyumba asubuhi.

Mama ana presha, na nilimwacha peke yake.

Nilikimbia huku nalia. Mzee mmoja akaweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze, ndiyo kwanza nikazidisha.

Ndani viti vimesogezwa ukutani, mkeka umetandikwa, sufuria ya chai inachemka jikoni. Mama amekaa chini, kitenge kiunoni, macho yamevimba. Aliponiona alipiga yowe, akanipapasa uso, mabega, hadi vidole.

Alikuwa akinililia mimi.

Kumbe ndege! Eti ndege mvumaji, anafanana na yule ndege chozi wa kwetu, amekuja kunywa kwenye ile chupa ya maji ya sukari ambayo mama huitundika dirishani. Jana jirani alimpiga picha akaiweka mtandaoni, watu wakaendesha usiku kutoka Columbus, mmoja usiku kucha kutoka Buffalo. Kwao ndege huyo ni Meksiko, huku amepotea njia. Wanamtambua kwa kifua: wa Meksiko ana doa la buluu, ndugu zake wa milima ya kusini kabisa kifua ni kijani tu.

Hayo nimeelezwa mimi. Mama hajui Kiingereza. Bibi mmoja alibisha hodi kuomba ruhusa, akajieleza kwa ishara: akagusa kifua chake, akaonyesha juu, akatabasamu kwa upole. Mama akaelewa kwamba mwanawe kipenzi yuko mbinguni. Akamshukuru, akaenda kubandika chai ya waombolezaji.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakasirika, na sijui hata nimemkasirikia nani.

Nikamuuliza mbona hakunipigia simu.

"Ningepiga, halafu usipokee, ningejua kweli umekufa," akasema. "Nikaona bora nichemshe chai kwanza."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa. Huwa naizima nikiingia kazini, na leo nilisahau kuiwasha. Angepiga, nisingepokea.

Kesho jioni, nikitoka kwenda zamu, nitamuagaje mama?