Nafasi ya Dereva wa Pili

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, na nyumba nzima inacheka: Baba ananunua teksi ya umeme!

Serikali imeyaondolea kodi magari hayo, na mwenye teksi anarudishiwa sehemu ya bei. Mwanzoni Baba aliyabeza: "Gari lisilonguruma ni gari au kabati?" Wiki iliyopita fundi wake alimpandisha kwenye moja. Akarudi akinong'ona, kana kwamba bado yumo ndani yake. Mama akasema, "Baba watoto, miaka thelathini nasubiri unyamaze, kumbe dawa ni betri!"

Jana nilimjazia Baba fomu ya ruzuku hiyo. Ruzuku hutolewa kwa teksi yenye madereva wawili wenye leseni. Nilipofika kwenye nafasi ya dereva wa pili, kalamu ikasita. Tangu wewe na Baba mlipogombana ukaondoka, miaka minne sasa, jina lako halijatajwa mbele yake, nami nimejifunza kulimeza.

"Wa pili nimwandike nani, Baba?"

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Wewe una kaka wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa unaniuliza nini?"

Mama alicheka huku machozi yanamtoka.

Sahihi lazima uje uitie mwenyewe ofisini, kabla mwezi huu haujaisha. Baba anasisitiza kwamba yeye hajakuita. Inayokuita ni serikali. Njoo, Kaka. Ameshaniuliza mara mbili basi la kutoka huko huingia saa ngapi.

Mdogo wako akupendaye