Mteja Hakuwepo

Alhamisi, 8 Januari 2026
Siku mbili barabara zilifungwa kwa theluji, leo malori yote yamefika kwa mpigo. Depo imejaa hadi mlangoni. Nilidhani tutaanza na vifurushi vya zamani. Wapi! Arnaud, msimamizi wetu, anataka vya leo kwanza: vya leo bado vinaweza kufika kwa wakati, vilivyochelewa vimeshachelewa. Eti ndivyo asilimia za kuwahi zinavyopanda. Mgongo wangu umekwisha.

Jumamosi, 10 Januari
Nilipeleka vifurushi mtaa wa Evere. Maman Berthe alinipa chai ya tangawizi mlangoni, kama kawaida yake. Mjane, mtu wa Likasi, mwaka mzima yumo katika nguo nyeusi. Jumamosi ijayo wakwe zake wanakuja kumvua hizo nyeusi, matanga yaishe. Shemeji yake, Séraphin, amemtumia kitenge kutoka Lille ashone cha kuvishwa siku hiyo. Hakijafika.
"Papa Chande, uniangaliliye."
Nikasema nitaangalia. Kwenye mlima ule wa vifurushi? Maneno tu.

Jumatatu, 12 Januari
Barafu. Nimeanguka mara mbili. Saa kumi na mbili jioni gari bado lilikuwa na vifurushi arobaini na moja. Kifurushi kikirudi depo bila alama kwenye mashine, kosa la dereva. Ukiandika mteja hakuwepo, kosa la mteja. Sote tunafanya. Nikaegesha, nikabonyeza "hakuwepo" mara arobaini na moja, bila kusoma majina. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Nimelala na viatu.

Jumatano, 14 Januari
Leo hakuna chai. Simu ya maman Berthe inasema Jumatatu, saa moja kasoro jioni, hakuwepo nyumbani. Ujumbe huohuo amepata Séraphin, maana ndiye aliyetuma. Na kwao mjane hatoki jua likishazama, mpaka avuliwe nyeusi. Shemeji amepiga simu mara tatu: alikuwa wapi, na nani? Asipopata jibu, Jumamosi havuliwi kitu.
"Miye sikutoka, papa. Nilikuwa hapa ku fenêtre, naangalia barabara. Ni ule chauffeur mwingine wa vifurushi, donc. Weye unapigaka sonnette ya mlango kila mara."
Nikasema nitakitafuta depo. Naona aibu hata kuandika – sikumwambia ni mimi.

Alhamisi, 15 Januari
Nimekipata! Kwenye kizimba cha vifurushi vinavyorudishwa, tayari kimebandikwa Lille. Arnaud hakitoi bila karatasi: mteja asaini kwamba Jumatatu jioni hakuwepo. Nikamwambia alikuwepo. Akauliza, basi nani aliandika hakuwepo? Akaongeza, polepole, bila ubaya, kwamba wawili wameachishwa kazi wiki hii kwa jambo hilohilo.
Nina watoto watatu. Nikachukua karatasi.

Ijumaa, 16 Januari
Saa tisa alasiri. Nilifika Evere na kifurushi kwapani. Mpango wangu: asaini upesi, nitamweleza siku nyingine. Siku gani, sijui.
Mlango ulifunguliwa na mwanamume. Séraphin – amekuja siku moja kabla. Aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Tarehe. Saa. Hakuwepo. Maman Berthe alisimama nyuma yake na nyeusi zake.
"Voilà," akasema shemeji. "Chauffeur mwenyewe ameleta papier."
Maman Berthe alinitazama mimi. "Papa Chande, umwambiye. Weye unanijua."
Nikasema nimesahau kalamu garini.
Nimo garini. Dakika kumi sasa. Kifurushi kiko magotini, na vioo vimeingia ukungu. Nikifuta kwa mkono nawaona wote wawili dirishani, kila mmoja upande wake wa pazia, wananisubiri.
Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.