Kimbunga Kilichotukuta Edani

Songo Songo

Kwa mama yangu mpenzi, Likawage,

Shikamoo mama, na baba mpe shikamoo yake. Mgongo wako unaendeleaje? Na kikohozi cha baba, kimepoa? Sisi huku tu wazima, mimi, watoto wote wawili na mama mkwe. Nimelitanguliza hilo ili kaka anayekusomea asirukie mwisho kwa hofu. Huenda mmesikia kimbunga kimepita kisiwani. Ni kweli kimepita. Tu hai, alhamdulillahi, ila nyumba haipo.

Unajua mume wangu yuko kwenye katani huko Lindi, na baba mkwe tulimzika majuzi tu. Mama mkwe yuko edani, hatoki nje wala haonekani na mwanamume asiye wake. Mimi ndiye mikono na miguu yake. Maji nachota mimi, napika mimi, mdogo yuko mgongoni, mkubwa kanishika nguo. Usingizi nausikia kwa watu.

Siku ile asubuhi hapakuwa na jani linalotikisika, lakini mawimbi yanakuja makubwa kama yamefukuzwa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja mbio akasema ni kimbunga, tuifunge nyumba. Mimi nikaanza kama ulivyonilea, chakula kwanza. Nikatia unga kwenye debe, nikachimba uvunguni nikalifukia. Shemeji ananitazama tu, kisha akaniuliza unga huo nitaula kwa mdomo gani paa likishaniangukia.

"Nyinyi watu wa bara," akasema, "hata kiama kikija mtauliza mtama umeanikwa wapi."

Nikacheka, lakini kamba nilishika. Tukalaza nyavu zake kuukuu juu ya makuti, tukazivuta kwa kamba na kuzifunga kwenye vigingi. Akaangua nazi za mnazi ulioinamia nyumba, zisije zikaturukia kama mawe. Moto wa jikoni nikaufukia kwa mchanga mpaka nikaweza kuweka mkono juu yake. Mbuzi nikamfungulia ajitafutie.

Adhuhuri upepo ukaanza, na ukuta wa udongo upande wa bahari ukapasuka. Shemeji akasema hapa hapafai tena, twende kwa mwalimu wa chuoni, nyumba yake ni ya mawe. Mama mkwe akasema nendeni, yeye hatoki kwa mumewe. Shemeji akamwambia kwamba mwalimu mwenyewe kasema dharura kama hii inaruhusiwa. Akajibu kwamba aliyefiwa si mwalimu. Shemeji akataka kumbeba, mama yake akamtazama tu, mikono ya mwanawe ikashuka.

Mama, sikuwa na nguvu ya kubembeleza. Nilimfungua mtoto mgongoni nikampakatisha mama mkwe, nikaketi chini karibu yake, mkubwa nikamvuta katikati yetu.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nakaa eda na wewe, mama. Na hawa wajukuu wa marehemu wanakaa. Paa likianguka lituangukie sote."

Usiniulize kama ningekaa kweli. Sijui. Alimkaza mtoto kifuani.

"Mkaidi wewe," akasema, akanyanyuka na mtoto.

Majirani wanawake walikuja na kitambaa cha tanga tumzungushie njiani. Hatukufika mbali, upepo ukatupokonya, tanga likaenda zake juu ya minazi. Mama mkwe akasimama katikati ya njia wazi, na mbele wanaume tele wanavuta mitumbwi. Shemeji akapiga kelele, "Geukeni!" Mama, waligeuka wote. Mvua inawachapa usoni, wengine wamekumbatia minazi wasipeperushwe, hakuna aliyetazama nyuma mpaka tulipopita. Mama mkwe alipita kainamisha kichwa, mtoto kifuani.

Kwa mwalimu tulikaa chumba cha ndani na wanawake wengine, nje kunanguruma, yeye anasoma Kurani mpaka sauti ikamkauka. Upepo ulipotulia shemeji akaenda kutazama. Nyavu zimebaki kwenye vigingi, paa hajui liko wapi, na boriti imelala juu ya kitanda alichokuwa amekalia mama yake. Unga aliufukua mkavu, na uji wa kwanza alikunywa yeye, bila kusema neno juu ya watu wa bara.

Nilipomwambia mama mkwe habari ya boriti alimvuta mkubwa akamketisha pajani. Kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, akasema, "Leo kisiwa kizima kimenikalia eda."

Sasa anaimalizia hapa hapa, chumba cha mke wa mwalimu. Najua utasema nirudi na watoto. Mama, natamani. Natamani nilale huku wewe umeshika mtoto. Lakini siji sasa, na usimtume kaka kunichukua, nitamrudisha peke yake. Huyu hana binti, na siku ya kutoka eda anahitaji mtu wa kumwogesha na kumvisha. Nikishamvisha, nitakuja naye. Mtengee mahali pa kulala, pasipovuja.

Msalimie bibi mzaa baba, na shangazi wa jirani mwambie kanga aliyonipa iliokoka, nilikuwa nimeivaa. Kaka asome vizuri, asikurukie mistari.

Mama mkwe anakusalimu sana. Anauliza ukaidi huu nimeurithi kwa nani. Nimemwambia akifika atakuona.

Mimi mwanao,
Zainabu