Hodi za Saa Mbili Hadi Saa Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kasema kikaoni: huduma ya kamusi haina wateja, Ijumaa inazimwa. Kamusi yetu ni mlango tu – programu za watu zinabisha hodi, zinauliza maana ya neno, zinajibiwa. Anayeutunza ni Koma (jina alilipata siku alipoangusha mfumo mzima kwa kusahau koma moja). Mlango ukifungwa, na mkataba wake basi. Nikaropoka mbele ya wote kwamba nitaleta takwimu. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika kichombo, nimekiita "chota". Hakina vitufe wala mapambo: unaandika amri kwenye kidirisha cheusi, kinachota kumbukumbu za hodi na kuzimwaga kwenye jedwali. Nikajisifu kidogo. Nikataka saa za kazi tu:
chota --kuanzia 2 --hadi 10
Jedwali karibu tupu. Mistari michache, yote mwishoni. Koma akacheka bila furaha – ati wateja wetu wanaamka wakati sisi tunafunga, kaka. 

Jumatano, 5 Machi
Usiku, nyumbani. Mama watoto ana safari kesho alfajiri, akashika simu atege kengele. Saa ngapi? Kumi na moja, nikamwambia. Kidole chake kikaandika tano.
Nikamkodolea macho mpaka akauliza kama ana kitu usoni.
Tano! Mashine haijui saa zetu. Niliomba saa mbili asubuhi, yenyewe ikaenda usiku wa manane. Saa kumi yangu ya jioni, kwake ni saa nne asubuhi. Nimechota usingizi wa watu. Na mvi zote hizi za kompyuta, jamani. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
chota --kuanzia 8 --hadi 16
Jedwali likamwagika, likaendelea kumwagika. Hodi nyingi ni za mchana, za programu ya kusomea ya shule za msingi: mtoto anagusa neno gumu, sisi tunajibu. Koma akayasoma maneno kwa sauti. Kinyonga. Shaibu. Fedheha. Hilo la mwisho ni lako, kaka, akasema. Angalau kacheka vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nikiwa koridoni, kwenye benchi. Bosi kautazama mchoro wa hodi niliouchora kutokana na jedwali. Kisha: hii saa tisa ni ya mashine au ya kwenu? Nikamgeukia Koma – anaangalia dari, mmbea huyu. Bosi kaomba namba ya watu wa ile programu ya shule. Anawapigia sasa. Katuambia tusubiri nje, na mlango tusiufunge.
Koma ananinong'oneza: mlango upi?
Sijui. Huu wa ofisi nimeuacha wazi.